Mhadhara wa Mizabibu

Tangazo aliliandika Mwamvua mwenyewe, Jumapili mchana, amepiga magoti sakafuni kwa kuwa kadibodi ilikuwa pana kuliko meza. Makapeni, kalamu nene za wino, aliazima kwa Mwalimu Damiani wa darasa lao la kisomo. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama wima, kila moja na nafasi yake, kama alivyofundishwa kwenye kisomo miaka ishirini nyuma, enzi zile taifa zima lilipokuwa likisoma, hata wazee wasio na meno. Alipomaliza alilisimamisha ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma kwa sauti.

MHADHARA
JUMAMOSI SAA KUMI ALASIRI, DARASA LA KISOMO
MZABIBU WA KWELI NA MZABIBU WA UONGO
MTOA MHADHARA: BI MWAMVUA HARITHI
WATU WOTE MNAKARIBISHWA

Kabla ya kubandikwa, Mwalimu Damiani alipita, akavaa miwani, akalikagua. Neno la kwanza lilikuwa limeandikwa MUHADHARA. Akamwonyesha ile U iliyozidi, Mwamvua akaifunika kwa kipande cha karatasi na kuandika upya. Mwalimu akasema sasa liko safi. Mwalimu ni mwalimu: akishapata kosa moja la tahajia roho yake hutulia, mengine hayaoni tena. Jumatatu asubuhi tangazo likawa kwenye mlango wa mashine ya kusaga ya Mtaa wa Relini, nje kidogo ya Ipagala, ambako kila nyumba hupeleka debe lake la mtama. Kufikia Jumanne hapakuwa na mtu ambaye hajalisoma. Wasiojua kusoma walisomewa, na kila mmoja akaondoka ameelewa jambo jingine kabisa.

Tuseme ukweli, mwaka ule wa tisini na nne mhadhara halikuwa neno la kuchezea. Mwalimu Damiani alilipata chuo kikuu, alikopelekwa zamani kwa kozi ya miezi mitatu ya elimu ya watu wazima, na huko mhadhara ulikuwa mtu mmoja anasema na wengine wanaandika. Mitaani ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa spika mbili juu ya meza uwanjani, na watu wa dini moja wamefungua kitabu cha wenzao wanatafuta makosa. Watu walishatoana ngeu kwa ajili hiyo, na serikali ilishatamka kuwa bila kibali cha polisi hakuna mhadhara. Sasa ongeza hapo mzabibu wa kweli, maneno ambayo Mkristo wa Dodoma huyasikia kanisani tangu hajaota meno, na chini yake uweke jina la mama wa Kiislamu.

Mwamvua hakuyajua hayo. Kanisani hajawahi kuingia hata kwa harusi. Mzabibu wa kweli na wa uongo aliutoa shambani, katika shamba kubwa la umma lililokuwa upande wa Ihumwa, alikopogoa mizabibu miaka kumi na saba mpaka shamba likafungwa na vibarua wakaambiwa warudi makwao. Kule tawi linalozaa waliliita la kweli, na lile linalonawiri majani matupu waliliita la uongo. Shamba lilipofungwa wenzake waliondoka na majembe na mabati. Yeye aliondoka na mkasi wake na mzigo wa vipando, akavichomeka nyuma ya nyumba yake, mashina thelathini, na yote yakashika. Majirani nao walikuwa na mizabibu yao, lakini mnunuzi wa zamani, wa kiwanda cha mvinyo, alikuwa hapiti tena, na wengi walishaanza kuing'oa wapande mahindi. Mwamvua alikuwa na hakika kwamba mizabibu ile ilikuwa haijachoka, ila inakatwa vibaya na watu wasiojua.

Darasa lile la kisomo serikali ilishaliacha. Mratibu alihamishwa, chaki zikakoma, lakini wanafunzi walikataa kumaliza shule. Kila Jumamosi watu kumi na watano, wazee watupu, walikutana wakafundishana. Mwalimu Damiani ndiye aliyetoa wazo kwamba kila mmoja asimame awaeleze wenzake kitu anachokijua yeye. Msafiri, fundi wa reli, alieleza taa za ishara. Hilaria, mkunga, alieleza namna mtoto anavyogeuka tumboni, wanaume wakainamisha vichwa na kuandika. Zamu ya nne ilikuwa ya Mwamvua, na ndiyo ya kwanza kutangazwa kwa watu wa nje. Wiki nzima alikuwa akijisemea peke yake jikoni.

Mumewe, Swedi Jaha, alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka chumba hadi chumba, na aliifanya miaka ishirini na sita bila kupoteza hata karatasi moja. Ila mwaka ule ofisi zote zilikuwa zinapunguza watu. Kila mtu alijua kuna orodha, hakuna aliyeiona. Swedi alianza kufika ofisini kabla ya mfagiaji na kutembea kwa kunyata kwenye korido, kwa imani kwamba mtu asiyeonekana hawezi kuandikwa.

Jumanne akitoka kazini alisimamishwa na Ustadhi Aiman, ambaye siku zote humpa salamu ya kupita tu. Safari hii alimshika mkono kwa mikono miwili. Akamwambia wamefurahi sana kwamba mama wa nyumbani kwake amejitokeza, na kwamba vijana watakuja kumpa nguvu, tena watakuja na vitabu. Swedi akashukuru bila kujua anashukuru nini. Hatua hamsini mbele akakutana na jirani yake Gaudence, katekista, mtu waliyeazimana chumvi miaka kumi na mitano. Swedi alimsalimu, Gaudence akaitikia huku akimtazama kuku.

Alipopita mashineni akasoma. Alifika nyumbani akamkuta mkewe anapepeta, akabaki amesimama mlangoni na viatu vyake miguuni.

"Mama Yusra, umeandika nini pale mashineni?"

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Nakuuliza umeandika nini."

Mwamvua alimweleza: ni namna ya kupogoa, basi. Swedi akamweleza walivyoelewa watu. Mwamvua alicheka kwanza, kicheko cha kweli, kisha akaona uso wa mumewe, akaweka ungo chini. Swedi akasema ofisi inatafuta sababu, na mtu ambaye mke wake anaendesha mihadhara isiyo na kibali ni sababu inayotembea kwa miguu miwili. Jina lake, alisema, halijatajwa na mtu kwa miaka ishirini na sita. Siku moja tu limetajwa msikitini, kanisani na mashineni.

Jumatano ikaja barua ya wito kutoka kwa mtendaji wa kata. Iliandikwa kwa Swedi. Jina la Mwamvua halikuwamo, alitajwa kama "mke wako".

Alhamisi saa tatu walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata, Swedi, Mwamvua na Mwalimu Damiani aliyewasindikiza, wakakaa mpaka saa sita kasoro. Swedi aliomba ruhusa kazini kwa kusema anaumwa jino, na kwa vile hakuzoea uongo alishika shavu hata pale kwenye benchi. Mtendaji aliitwa Respicius, kijana wa miaka thelathini na kitu, amechomekea, kalamu mbili mfukoni. Hakutoa shikamoo. Aliwaonyesha viti viwili, na kwa kuwa walikuwa watatu, Mwamvua akasimama.

Respicius alisema na Swedi. Alimuuliza mkewe ametumwa na kikundi gani, fedha za spika zimetoka wapi, na nani amemwandikia tangazo, kwani mama anajua kusoma?

"Nimeliandika mimi," Mwamvua alisema. "Na spika hakuna. Nina sauti."

Mtendaji akamtazama kwa mara ya kwanza. Akadai kuona hicho kinachokusudiwa kusemwa. Mwamvua alikuwa nacho, daftari la kurasa arobaini, sita zimejaa. Alimkabidhi akiwa na furaha kidogo, tusifiche, kwa sababu hapakuwa na mtu wa ofisi aliyewahi kusoma kitu alichoandika yeye. Respicius akasoma, kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa kwanza uso wake ulilegea. Hapakuwa na dini wala harufu yake. Ukurasa wa pili akaanza kupiga mistari.

"Hapa umeandika, matawi yaliyozeeka yanakula bure, yapunguzwe, ili machipukizi yapate jua. Matawi gani haya?"

"Ya mzabibu."

"Machipukizi?"

"Ya mzabibu pia."

Akaweka kalamu chini. "Mama, mwakani kuna uchaguzi wa vyama vingi. Chama kina matawi. Chama kina chipukizi. Unakusanya watu unawaambia matawi yaliyozeeka yapunguzwe. Mimi nikiulizwa nitajibu nini?"

"Utajibu ni zabibu," Mwamvua akasema. "Na hukatwa mwezi huu wa nne. Haziwezi kungoja uchaguzi."

"Tafuta neno lingine badala ya tawi."

"Lipi?"

Respicius alifikiri. Akatazama dari, akatazama picha ukutani, akamtazama hata Mwalimu Damiani kama anaomba msaada. "Sehemu," alisema mwishowe.

"Niwaambie watu wakate sehemu za mzabibu? Watakwenda kukata shina."

Mwalimu Damiani alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko. Kilimponza, kwa sababu mtendaji alitahayari, na kijana aliyetahayari mbele ya wazee huwa hana huruma. Akatoa hukumu. Tangazo lishushwe leo. Darasa ni mali ya serikali na litafungwa kwa kufuli mpaka hali itulie. Kama wanataka kufundishana kukata mizabibu wafanye majumbani mwao, neno mhadhara lisitajwe, na atakayesema awe Mwalimu Damiani, mtu mwenye cheti anayejua kupima maneno, mama asisimame mbele ya watu. Kisha akamgeukia Swedi, sauti ikawa ya upole. Akasema mzee, wewe ni mtumishi wa serikali; nisingependa kuandika barua ofisini kwako.

Swedi akasema ndiyo mzee, kwa kijana ambaye angeweza kumzaa. Mwalimu Damiani naye akasema ni sawa, yeye atasoma kutoka kwenye daftari. Akalichukua mezani, akalikunja, akalitia mfuko wa koti. Hakuwa mtu mbaya, alidhani anaokoa somo. Walipotoka nje alisema kitu kwa Kisandawe, lugha ya kwao Kwa Mtoro, kifupi, chenye kile kidoko cha ulimi ambacho watu wa mjini hujaribu kuiga na kushindwa. Hakukitafsiri.

Mwamvua alitangulia mbele mpaka relini. Pale ndipo Swedi alipomwomba. Hakuamrisha, alimwomba kabisa, amesimama katikati ya njia na shavu lake la uongo. Mwalimu asome, alisema, maneno si yatakuwa yale yale?

"Miaka kumi na saba nimepogoa," Mwamvua akamjibu. "Maelfu ya mashina. Hakuna siku mtu aliniuliza kwa nini nakata hapa nisikate pale. Waliniambia kata, nikakata. Jumamosi hii ndiyo ningeulizwa."

"Najua."

"Hujui, Baba Yusra. Lakini sawa. Mwalimu atasoma."

Alikwenda mashineni akabandua tangazo mwenyewe, watu wanamtazama. Aliona aibu, na aliona uchungu zaidi ya aibu, kwa sababu angeweza kubishana na mtendaji mpaka jua lizame lakini hakuweza kubishana na hofu ya mumewe. Kadibodi akaiweka uvunguni.

Ijumaa saa nne Swedi aliitwa na afisa utumishi. Aliingia na faili mkononi akidhani anatumwa. Afisa alimwambia aliweke faili, akampa bahasha, akamshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu, akamweleza habari za kiinua mgongo na kwamba utaratibu utafuata. Kilichobaki alikisema akiwa anatafuta kitu kwenye droo.

Swedi alisoma barua kwenye ngazi za nje. Hakuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mahali anapongojwa. Barua ilikuwa na mistari mitano, na tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Aliisoma tarehe ile tena. Wiki tatu nyuma mkewe alikuwa hajanunua hata kadibodi. Alikuwa ameshakatwa siku zote zile alizonyata, ameshakatwa aliposhika shavu kwenye benchi la kata, ameshakatwa alipomwita yule kijana mzee. Alimnyamazisha mkewe ili kulinda kazi ambayo ilishaondoka. Hilo lilimuuma kuliko barua yenyewe.

Aliswali Ijumaa, akala muhogo wa kuchoma barabarani, kisha hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mwalimu Damiani akadai daftari. Mwalimu alikuwa ameketi nalo barazani, akalitoa mara moja, tena kama aliyetuliwa mzigo. Alikiri kwamba alikuwa analisoma tangu asubuhi na hajui tofauti ya tawi la mwaka huu na la mwaka jana. Watu wangemuuliza swali moja tu angeumbuka. Swedi alifika nyumbani akaliweka mezani mbele ya mkewe.

"Kesho sema mwenyewe."

Mwamvua alimtazama kama anaumwa. "Na mtendaji?"

"Aandike barua anakotaka."

"Na kazi yako?"

Hapo ndipo alipopaswa kumwambia. Alifungua mdomo. Lakini mwanamume aliyeamka kila siku miaka ishirini na sita akasema nakwenda kazini hawezi ghafla kusema siendi, ulimi unakataa. Akasema kazi ipo, akaomba maji ya kuoga. Mwamvua alijua kuna kitu, ila daftari lilikuwa limerudi mkononi mwake, na furaha ni mbinafsi. Alitoka nyuma ya nyumba kuchagua mashina ya kufundishia.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko viti vya mtaa mzima. Darasa lilikuwa na kufuli, kwa hiyo neno lilipita mdomo kwa mdomo kwamba ni nyuma ya nyumba ya Mzee Swedi. Ustadhi Aiman alikuja na vijana kama ishirini, wameshika vitabu. Gaudence alikuja na wanakwaya na kitabu chake kwapani. Upande huu wakasimama hawa, upande ule wale, na katikati mashina thelathini ya mizabibu. Mtendaji Respicius alisimama karibu na choo pamoja na mgambo mmoja mwenye rungu. Hakupenda mahali pale, lakini ndipo palipokuwa na upenyo wa kuona wote.

Mwalimu Damiani alifungua kwa maneno machache. Akasema huu si mkutano wala nini, ni jirani anawaonyesha majirani kazi ya mikono yake, na kwamba utaratibu wa Darasa la Jumamosi ni ule ule: anayeuliza ataje jina lake na anakotoka, na anayefundisha ataitwa mwalimu, awe nani. Kisha akakaa chini, kwenye ndoo.

Mwamvua alisimama na mkasi. Kabla hajaanza Gaudence akanyanyua mkono.

"Naitwa Gaudence, natoka nyumba ya tatu. Nataka kujua jambo moja kabla hatujaenda mbali. Mzabibu wa kweli ni upi?"

Upande wa pili vitabu vikafunguliwa. Mgambo akahamisha rungu mkono wa kulia.

"Huu hapa," Mwamvua alisema. "Njoo uushike."

Gaudence hakutegemea jibu la namna hiyo. Alisogea, kwa sababu watu walimwachia njia. Mwamvua akampa tawi, la rangi ya kahawia, gumu, nene kama kidole kidogo. Akamwonyesha vifundo, akasema haya tunayaita macho, kila jicho limelala na shada lake la zabibu ndani. Akamwonyesha jingine, lililotoka chini ya shina, jani pana, la kijani, zuri kuliko yote. Watu wakakubali kwamba ni zuri. "Huu ndio wa uongo," alisema. "Wengi wenu mnaubakiza huu kwa sababu unapendeza, mnakata ule. Ndiyo maana mnasema mizabibu imechoka." Mzee mmoja nyuma akasema Mungu wangu, nimekata ule miaka mitatu.

Mwamvua alizungumza bila kufungua daftari. Alieleza tawi la mwaka huu na la mwaka jana, alieleza kwa nini mkasi unalazwa upande, alieleza kwamba zabibu kubwa za kula zinataka macho machache, na kwamba watu wa treni hununua zabibu za kula, wala huhitaji kungoja kiwanda. Kijana mmoja wa Ustadhi akasimama, akataja jina lake, akauliza kama hizi si zabibu za pombe. Mwamvua akasema zabibu haijui inakokwenda. Yeye kazi yake ni izae, na atakayeinywa ataulizwa mwenyewe. Ustadhi Aiman alicheka, akafunga kitabu, akaomba aonyeshwe tena yale macho ya tawi kwa sababu amesimama mbali.

Kisha Mwamvua akampa Gaudence mkasi, akamwambia akate tawi la kweli. Gaudence akasita. Alikata. Kwenye kidonda likatoka tone la maji safi, likaning'inia, likadondoka, likatoka jingine.

"Unalia," Gaudence alisema kwa sauti ndogo. Halafu akasema, na haya hakuyaandaa, kwamba miaka yote amekuwa akiwaeleza watu kanisani juu ya tawi linalopogolewa, na siku zote alidhani ile ni adhabu.

"Wa uongo tunaung'oa, hatuupogoi," Mwamvua akamjibu. "Anayepogolewa ni yule tunayemtegemea."

Katekista akabaki na mkasi mkononi kwa muda, mpaka mtu akamwomba apishe.

Maswali yakaja mengi. Watu walisahau pande zao kwa sababu mashina yalikuwa yamepandwa mistari, na ukitaka kuona inabidi uende upande wa pili. Respicius mwenyewe alisogea hadi mstari wa tatu. Alikuwa na kidaftari, na aliyekuwa jirani yake anasema aliandika neno tawi bila kulipigia mstari. Hilaria alikuwa anahesabu macho kwa sauti, mkasi sasa uko mkononi mwake. Mwamvua aliitwa mwalimu mara nyingi mpaka akaacha kugeuka kumtafuta Damiani.

Ndipo mkono ukanyanyuka nyuma kabisa, ukutani, kwenye mlango wa jikoni. Ulikuwa wa mumewe.

"Naitwa Swedi Jaha," alisema. "Natoka nyumba hii hii."

Watu wakacheka. Mwamvua naye akacheka, akasema uliza.

"Mwalimu, tawi likikaa miaka ishirini na sita, likaambiwa halizai tena, linatupwa?"

Hakuna tawi la mzabibu linalokaa miaka ishirini na sita, na pale hapakuwa na mtu aliyelijua hilo kuliko Mwamvua. Mizabibu yote ya nyumba ile ilikuwa haijafika hata miaka minne. Wengine walikuwa bado wanatabasamu, wanangoja jibu. Yeye alimtazama mumewe, akaona kanzu ya Ijumaa aliyoivaa Jumamosi, akaona mikono ambayo haikuwa na faili, akaelewa kwa nini daftari lilirudi. Kulikuwa na watu sitini wanamsikiliza, na mmoja wao alikuwa ameuliza swali.

"Aliyesema halizai alilikwaruza?" aliuliza.

"Hapana," Swedi akasema. "Aliandika tu."

"Basi hajui. Tawi unalikwaruza gome kwa ukucha. Ukikuta ndani pakavu, choma. Ukikuta pabichi, hulitupi. Unalifupisha, unaacha macho mawili, karibu na shina. Litabaki kijiti, na watakaopita watalicheka. Uache wacheke. Hapo ndipo linapochipua."

"Hata likiwa zee?"

"Hata likiwa zee. Njoo mbele, Baba Yusra, hili si la kusikia kwa mbali."

Swedi alipita katikati ya watu, nao wakampisha. Alipofika, Mwamvua aliuchukua mkasi kutoka kwa Hilaria, akautia kwenye mkono wa mumewe na kuufunga mkono ule kwa wake. Akachagua tawi nene lenye gome lililochanika, akalikwaruza kwa ukucha, akamwonyesha ndani. Palikuwa pabichi. Akahesabu macho mawili kutoka shinani, akaweka kidole pale pa kukatia, na Swedi akakata.